Mahututi Anataka Kiharusi

Jumatatu, 2 Juni

Kipandauso! Tena!

Majina yamebandikwa leo ubaoni, nje ya chumba cha mazoezi pale chuo cha udaktari. Nilisoma kwanza bila miwani, nikajipa moyo kwamba nimekosea. Nikavaa miwani. Sikukosea. Jina langu, na mbele yake: kipandauso. Jina la Tabibu, na mbele yake: kiharusi.

Lazima niandike mambo haya kwa mpangilio, hasira zisije zikanivuruga. Sisi ni wagonjwa wa mtihani. Hatuumwi. Tunajifanya tunaumwa, wanafunzi wa udaktari wanatupima, wasimamizi wanakaa pembeni wanatoa alama. Kengele ikilia mgonjwa anapona, anakwenda kunywa chai. Sijapata kazi tamu kama hii tangu kundi letu la maigizo livunjike. Lakini ugonjwa na ugonjwa si sawa. Kipandauso ni nini? Unakaa. Unashika kichwa. Unasema taa inakuumiza macho. Basi! Hata kiti kingeweza kuigiza kipandauso. Kiharusi sasa! Mdomo unakwenda upande, mkono unaning'inia, mguu unaburuzwa, maneno yanatoka nusunusu. Kiharusi ni jukwaa zima.

Na mimi ni Mahututi! Jina hilo sikujipa, nilipewa na watu, kwa sababu miaka yote ya maigizo mgonjwa nilikuwa mimi. Nimekata roho mbele ya kumbi zilizojaa hadi watu wamekaa madirishani. Tabibu alikuwa daktari wangu, ndiyo maana mpaka leo anaitwa Tabibu, ingawa hajawahi kutibu hata chunusi. Mwenye kuumwa ni mimi! Leo yeye anaumwa kiharusi, mimi naumwa kichwa. Dunia imepinduka.

Na kibaya zaidi. Mkufunzi, yule mama daktari wa neva anayetusimamia, katangaza kwamba muhula ujao atabaki na wachache tu. Atakayeng'ara Ijumaa anabaki. Asiyeng'ara, ahsante na kwaheri. Kanuni ni zilezile: mwenye ugonjwa wa kweli haruhusiwi kuigiza, maana atawachanganya wanafunzi. Na hakuna kutoka kwenye uigizaji kabla ya kengele, hata jengo likiungua.

Nikiikosa kazi hii nitakaa nyumbani kusikiliza jokofu. Sitaki. Kiharusi nitakitoa mikononi mwa Tabibu kabla ya Ijumaa.

Binti yangu kachungulia daftari hili begani kwangu. Kasema herufi zangu siku hizi ni ndogo kama sisimizi. Nimemwambia nabana matumizi ya karatasi.

Jumanne, 3 Juni

Mpango wa kwanza: kukijua kiharusi kuliko mwenye nacho. Ng'ombe hazeeki maini!

Nimekaa mbele ya kioo cha binti yangu, nauvuta mdomo upande. Hauvutiki vizuri. Uso umekuwa mgumu siku hizi. Umetulia. Ni uso wa msanii aliyekomaa, hautikiswi na mambo madogo. Binti kapita, kaniuliza nani kaniudhi. Nilikuwa nacheka!

Mkono, lakini! Huu wa kulia unaning'inia vizuri ajabu, wala sijitahidi. Nikitembea hausogei, umekaa ubavuni kama umeambiwa usubiri hapo. Kipaji hakifundishwi.

Halafu maharage. Niliyabandika jikoni, nikarudi kwenye kioo, nikazama. Mara binti kaja mbio kutoka uani, kanipita, kafungua madirisha yote. Moshi. Sufuria nyeusi. Kauliza nilikuwa wapi. Nilikuwa hapahapa, na mlango wa jikoni wazi. Kauliza: baba, kwani husikii harufu? Nikamwambia ukweli. Maharage ya siku hizi hayana harufu. Sabuni haina harufu. Hata mvua hainukii tena. Vitu vya zamani ndivyo vilivyokuwa na harufu.

Ile harufu ya nyuma ya pazia! Poda, masizi ya kuchorea ndevu, jasho, pasi ya mkaa. Na mama yake binti amekaa juu ya sanduku la nguo, anashona koti jeupe la daktari kwa shuka letu la harusi. Nilimwambia mke wangu, hilo ni shuka letu. Kasema shuka tutapata jingine, ila daktari asiye na koti ni mganga tu. Yeye alikuwa nesi wa igizo.

Tabibu alikuwa anaingia na mwiko, ndicho chombo chake cha kupimia moyo. Ananigonga kidari, anasikiliza, anawatangazia watu: bandama imehamia kisogoni! Kongosho limepanda kwenye mtulinga! Kilimi kimechoka kusema! Mimi nalia, daktari, naumwa muundi! Yeye anajibu, hapo ndipo nyongo inapolala mchana. Watu hoi. Viungo vyote vilikuwa vya kweli, ila hakuna hata kimoja kilichokuwa mahali pake. Ndipo nesi anaingia. Anashika kiuno. Ananitazama kuanzia utosini hadi kisiginoni, anawageukia watu, anasema lile neno lake. Pazia. Ukumbi unabomoka kwa makofi.

Nimemkumbuka. Leo nimemkumbuka sana. Nimesugua sufuria mpaka ikang'aa, haikusaidia.

Jumatano, 4 Juni

Siku mbaya. Siku mbaya yenye makofi.

Mazoezi chuoni. Mkufunzi katueleza tena habari za neva, yaani mishipa ya fahamu, inavyotoka kwenye ubongo, ikashuka ndani ya uti wa mgongo, ikasambaa mpaka vidoleni. Kasema upande wa kushoto wa ubongo unatawala upande wa kulia wa mwili, na wa kulia unatawala wa kushoto. Mpangilio gani huo? Ni kama nyumba ambayo kila mzazi anaamrisha watoto wa jirani.

Hapo nikapata mpango wa pili. Nilikuwa nimemwona Tabibu akijizoeza ukumbini. Anaburuza mguu wa kulia, mkono wa kulia chini, mdomo upande. Vizuri mno, inauma kukiri. Nikamvuta pembeni. Nikamwambia kwa sauti ya kindugu: ndugu yangu, hukumsikia Mkufunzi? Ubongo na mwili vimepishana. Unaburuza mguu usio wako. Buruza wa kushoto. Kanitazama. Kafikiri. Kanishika bega, kanishukuru. Nikaenda msalani kucheka.

Hesabu yangu: ataburuza mguu usio wenyewe mbele ya Mkufunzi, ataaibika, kiharusi kitarudi kwa mwenyewe.

Zamu yake ikafika. Kaingia anaburuza wa kushoto. Mkufunzi kavua miwani. Kasema: hatimaye! Kumbe karatasi ya Tabibu inasema kiharusi kimepiga upande wa kulia wa ubongo, kwa hiyo unaolegea ni mwili wa kushoto. Siku zote hizo mzee alikuwa anaburuza mguu usiohusika, na Mkufunzi alikuwa ameshaamua leo kumnyang'anya kiharusi ampe mtu mwingine. Mtu mwingine! Na aliyekuwa anafuata kwenye orodha ni mimi!

Tabibu kasimama mbele ya wote. Kasema sifa zote zije kwangu, rafiki yake wa ujana, aliyemkosoa kwa upendo. Wakanipigia makofi. Nikapiga na mimi. Ningefanya nini?

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wakati mwingine anashangiliwa akiwa humo ndani.

Kipandauso changu kilipita harakaharaka. Mkufunzi kasema nimeshika kichwa vizuri, ila nipaze sauti, siku hizi nazungumza chinichini. Nimemwambia kichwa kinauma. Kacheka. Angalau huyo mmoja kacheka.

Alhamisi, 5 Juni

Mpango wa tatu: huruma. Nimemwalika Tabibu nyumbani alasiri. Nia yangu nimkumbushe tulikotoka, nimlainishe, kisha nimwombe tubadilishane magonjwa.

Kaja na mfuko. Ndani ya mfuko: koti jeupe. Lilelile, la shuka letu! Nilidhani lilipotea siku kundi lilipovunjika. Kumbe kalitunza miaka yote, kalifua, kalipiga pasi. Kasema, angalia, mishono ya shemeji haijaachia hata mmoja. Nikashika ukosi wa koti. Nikapapasa mshono mmoja mmoja. Na mimi ndiye niliyepanga kumlainisha yeye!

Tukamwigizia binti, pale sebuleni, kati ya kochi na kabati la vyombo. Tabibu kachukua mwiko jikoni. Bandama kisogoni, kongosho kwenye mtulinga, nyongo inalala mchana, yote tumeyakumbuka. Binti alicheka mpaka akashika mbavu. Ikafika zamu ya nesi kuingia. Tukabaki tumesimama, wazee wawili, mmoja na mwiko. Binti kauliza, halafu? Alikuwa mchanga wakati ule, hakumbuki. Mimi nikageukia kabati la vyombo. Tabibu ndiye aliyemwambia: hapo mama yako alikuwa anaingia, anashika kiuno, anamtazama baba yako kuanzia utosini, anasema, "Huyu haumwi. Ana ubishi tu." Binti katabasamu. Kalirudia polepole, kama anayeonja chumvi.

Tulipokuwa tunakunywa chai ndipo mambo yalipoharibika. Mkono wangu wa kulia ulikuwa pajani, umepumzika. Ukaanza mchezo wake. Kidole gumba kinasugua cha shahada, kinasugua, kinasugua, kama mtu anayesokota utambi. Siku hizi unafanya hivyo nikiwa nimekaa. Nikiutumia unaacha. Tabibu kautazama muda mrefu. Kauliza umeanza lini. Nikamwambia tangu ulipopewa kiharusi. Hakucheka! Kasema nimwone Mkufunzi, anipime, anipime kweli. Binti akadakia kwamba hata yeye amekuwa akisema: mkono haurushwi nikitembea, sauti imeshuka, maharage yaliungua pua zangu zikiwa palepale. Tabibu kaanza: mficha maradhi... Nikamkatiza. Sina cha kuficha.

Lakini nimeshamwelewa. Mbinu! Anataka nipimwe, nionekane nina ugonjwa wa kweli, kanuni inifute. Mwenye ugonjwa wa kweli haigizi! Mtu huyu amekatika mshipa wa aibu. Anakuja nyumbani kwangu na koti la marehemu ili animalize!

Hata kumwomba tubadilishane nilisahau.

Ijumaa, 6 Juni

Mtihani.

Bibi wa Usahaulifu, mwenzetu aliyepewa ugonjwa wa kusahau, hakutokea. Kasahau siku. Wasimamizi wamesema hawajaona uigizaji wa kina kama huo, na muhula ujao anabaki. Nafasi moja imeondoka hivyohivyo!

Mwanafunzi wangu alikuwa msichana mwenye miwani mikubwa na kinyundo cha mpira cha kugongea magoti. Kaanza vizuri. Kichwa kinauma upande gani? Kabla hakijauma naona nini? Natapika? Nikamjibu kwa ufundi wote, jicho moja nimelifumba. Mara katulia. Macho yake yako pajani kwangu, kwenye mkono. Kichwa kakisahau kabisa! Kaniambia nigonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka. Nikagonganisha. Mwanzoni vizuri, halafu vikawa vinachoka, vinafunguka kidogokidogo. Kashika kiwiko changu, kakunja, kakunjua, kakunja. Kaniomba nisimame, nitembee hadi mlangoni, nigeuke. Karatasi yangu haina kugeuka! Nikageuka hivyohivyo, kwa hatua fupifupi, kama mtu aliyebeba kabati mgongoni.

Kasogea karibu na sikio langu. Kasema taratibu: mzee, naomba tutoke kwenye mtihani kidogo, huu mkono...

Mtego! Nimeishi jukwaani, namjua mtu anayejaribu kumtoa msanii kwenye nafasi yake. Kengele haijalia! Nikashika kichwa. "Taa, mwanangu. Taa inaniumiza." Kajaribu tena. Taa, nikasema. Kajaribu tena. Taa! Machozi yakamlenga. Kengele ikalia, na maswali ya kipandauso alikuwa hajafika hata nusu. Kaandika kitu upesiupesi chini ya karatasi, katoka.

Nimeshinda! Nilikwenda kwenye chai kifua mbele.

Halafu nikamwona kwenye ngazi. Analia. Mwenzake anamwambia amejiangusha mwenyewe mtihani wa mwisho kwa ajili ya mgonjwa wa uongo. Chai nikaiacha nusu kikombe. Sijui kwa nini. Mimi nilifuata kanuni.

Tabibu kang'ara. Mguu wa kushoto.

Jumapili, 8 Juni

Leo nimekwenda kwenye ukumbi wetu wa zamani. Nilikuwa na sababu ya kitaalamu: kujaribu sauti. Mkufunzi kasema nazungumza chinichini. Sauti yangu ilikuwa inafika mlango wa nyuma, mahali walipokuwa wanasimama wasiopata viti.

Siku hizi ni duka la magodoro. Yamepangwa hadi dari. Jukwaa lipo bado, wameweka juu yake vitanda vya maonyesho. Muuza magodoro alikuwa amekaa mlango wa nyuma, palepale. Nikapanda. Mbao zilezile, ile ya tatu kutoka pazia inalia bado ukiikanyaga. Nikakumbuka mke wangu alivyokuwa anairuka kila akiingia, isimharibie kimya chake. Nikavuta pumzi mpaka kwenye kiwambo, kama tulivyofundishwa. Nikapaza sauti: daktari, naumwa muundi!

Muuza magodoro hakuinua kichwa. Nikarudia. Kainua kichwa, kaona midomo yangu inacheza, kaweka mkono sikioni. Kauliza kama nataka godoro gumu au laini.

Nimemwambia magodoro yananyonya sauti. Kweli, magodoro yananyonya sauti. Kila mtu anajua.

Nilikaa kidogo kwenye kitanda cha maonyesho. Sikutaka kuondoka.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeitwa chuoni. Mtu haitwi bure. Ama nimeng'ara, ama nimefutwa. Nimevaa suti, inafaa kwa yote mawili. Vifungo vimenichukua muda, binti kanisaidia.

Ofisini nikamkuta Mkufunzi, Tabibu, na yule mwanafunzi wa miwani. Karatasi yake iko mezani. Alama za kipandauso: aibu. Lakini chini kabisa kaandika kwamba mgonjwa huyu, nje ya uigizaji, mkono wake wa kulia unatetemeka ukiwa umepumzika, uso haubadiliki, viungo vimekaza, apimwe tafadhali. Na Tabibu, kumbe, baada ya mtihani alimfuata Mkufunzi akasema hayohayo. Njama imekamilika, nikajisemea.

Mkufunzi kanipima mwenyewe. Gusa pua yako, gusa kidole changu. Gonganisha vidole. Tembea kwenye korido. Andika sentensi yoyote. Nikaandika: Mimi ni Mahututi na sina ugonjwa wowote. Sentensi ilianza kwa herufi za kawaida, ikaenda ikinywea, hayo maneno "ugonjwa wowote" ilibidi aisogeze karatasi puani kuyasoma. Kaniuliza habari za harufu. Nikamtajia maharage.

Kasema: Pakinsoni. Ndani kabisa ya ubongo, kasema, kuna kisehemu kidogo cheusi kinachotengeneza dawa ya asili ya kuuwezesha mwili kwenda bila kuuamrisha. Mkono urushwe, uso ucheke, sauti itoke. Kisehemu changu kinakauka taratibu. Haponi mtu, kasema, lakini dawa zipo, na watu wanaishi nao miaka mingi. Alisema bila haraka, amenitazama machoni. Nikamwuliza swali moja tu: kwa hiyo nimefutwa? Tabibu katazama dirishani.

Mkufunzi kasema kwa kipandauso, ndiyo. Kanuni ni kanuni.

Mwanafunzi kaniomba radhi kwa kunisumbua. Yeye! Mkufunzi kamwambia atarudia kipandauso wiki ijayo na mgonjwa mwingine, na kwamba maswali hujifunzwa, ila macho ya kumwona mtu ni adimu. Nikamwambia msichana kwamba pamoja na hayo yote, siku nyingine asimvuruge msanii kazini. Kacheka huku anafuta miwani. Nimefurahi kumwona akicheka.

Kwenye korido miguu iligoma. Ilikaa sakafuni, haitaki. Niliogopa. Naandika hapa kwa kuwa hasomi mtu: niliogopa kama mtoto mdogo. Jukwaani nimekufa kila wiki, na kila mara nilijua pazia likifungwa nitainuka, nitajipangusa vumbi, mke wangu atanipa maji. Hili la sasa halina pazia. Na maji sijui atanipa nani.

Tabibu kanishika kiwiko. Kafungua mdomo, katoa ile sauti ya daktari wa igizo, manesi wa kweli wote wakageuka: usihofu, mgonjwa wangu! Ni kongosho tu limeteremka kwenye nyayo! Tulisubiri lipande!

Nikacheka. Uso haukuonyesha, lakini nilicheka, na yeye alijua. Mguu ukatoka.

Ijumaa, 27 Juni

Ushindi! Ushindi mtupu!

Mkufunzi kanipigia simu mwenyewe. Muhula ujao wanafunzi wanahitaji kujifunza Pakinsoni kwa mtu mwenye nayo. Sio kuigiza, kasema, uje tu kama ulivyo, uwaeleze, wakuangalie. Nafasi kubwa kuliko kiharusi! Jina langu litabandikwa ubaoni peke yake. Nimemwuliza kama kutakuwa na pazia. Kasema atafikiria.

Na Tabibu? Sikiliza raha hii. Yeye atakuwa ndugu anayemleta mgonjwa. Kazi yake ni kunishika mkono mlangoni na kusema, "Daktari, nimemleta." Sentensi moja! Eti kaomba mwenyewe. Kaacha kiharusi, kakiacha kabisa, ili awe ananisindikiza kila nikienda. Wivu tu huo. Anataka kusimama karibu na nyota.

Kuna tatizo moja. Dawa. Tangu nianze kuzimeza, mkono unatulia siku hadi siku. Jana nilifunga vifungo mwenyewe. Binti kafurahi, Tabibu kafurahi, mimi nimeingiwa na wasiwasi. Jumatatu muhula unaanza, wanafunzi wanakuja kunitazama kwa mara ya kwanza. Watatazama nini? Mzee amekaa na mkono umetulia? Hiyo si Pakinsoni, huo ni msiba!

Kwa hiyo, mpango wa nne. Leo asubuhi binti kaja na kidonge na glasi ya maji. Nikatia kidonge chini ya ulimi, nikanywa maji, nikashukuru kwa uso uliotulia. Huu uso una faida zake! Lakini binti hakuondoka. Kasema nifungue mdomo. Nikamwambia taa inaniumiza. Kasema nifungue mdomo na ulimi niuinue.

Kakiona.

Tabibu alikuwa kwenye kochi na chai yake. Binti kaweka glasi chini. Kashika kiuno. Kanitazama kuanzia utosini, polepole, kidari, magoti, hadi kisiginoni. Kamgeukia Tabibu kama anageukia ukumbi mzima. Kasema:

"Huyu haumwi. Ana ubishi tu."

Ilikuwa sauti ya mama yake. Ileile, na kile kituo kidogo katikati ambacho hakuna aliyemfundisha. Sikujua kama nilikuwa nimeanza kuisahau. Tabibu kapiga makofi, macho yamejaa. Nikameza kidonge. Ningefanya nini? Baada ya neno hilo igizo huwa limekwisha.

Sasa ni mchana. Nimekaa dirishani naandika. Mkono umepona kabisa, unaandika kama wa karani. Binti kachungulia begani kwangu, kasema, baba, herufi zimekua! Nimemwambia ndiyo, na daftari litaisha kabla ya wakati wake.

Hasara juu ya hasara. Nimewaza, nimewazua, na nimepata njia. Jumatatu namwendea Mkufunzi mapema, kwa adabu zote. Nitamweleza kwamba Pakinsoni yangu imeharibiwa na dawa, haifai tena kwa maonyesho. Na kwa kuwa Tabibu kaacha kiharusi mwenyewe, mbele ya mashahidi, basi kiharusi kiko wazi.

Nakitaka.